Altimeta inaganda kisha inaruka: kabla hamjanunua mpya

Swali: Cessna yetu ya injini moja ililala nje uwanjani Mtwara siku tatu za mvua. Tulipopaa kwenda Lindi, altimeta (chombo kinachoonyesha ndege iko juu kiasi gani) iliganda, ikaruka zaidi ya futi 100 kwa mkupuo, ikaganda tena. Rubani alipofungua statiki ya akiba (njia ya pili ya kuleta hewa kwenye vyombo), ikatulia. Mwenye ndege anataka tununue altimeta mpya. Ni sawa? – Fundi mwanafunzi, Mtwara

Jibu: Mwambie mzee asitoe hela kwanza. Altimeta ileile imefanya kazi ilipopewa njia nyingine ya hewa, kwa hiyo yenyewe ni nzima. Kwa dalili hizo, mimi nasema mna maji kwenye mpira wa statiki, ule unaoleta hewa ya nje kutoka tundu la ubavuni mwa ndege hadi kwenye altimeta.

Maji yakituama kwenye mkunjo wa chini, hewa haipiti mpaka presha iyasukume. Sentimita 1 ya maji ni presha ya karibu hektopaskali 1, na huku pwani hiyo ni kama futi 27. Kizibo cha sentimita 5 kinaishika altimeta kwa futi 130 hivi, hewa inabubujika, mshale unaruka, maji yanarudi palepale.

Fungua valvu ya kutolea maji. Kama haipo, chomoa mpira sehemu ya chini kabisa. Ukitaka kupuliza, chomoa kwanza mipira ya altimeta, ya spidi na ya kipima kupanda, kisha puliza kutoka ndani kwenda nje. Anayepuliza huku vyombo vimeunganishwa ndiye atakayenunua altimeta kweli. Tundu usilichokonoe kwa waya. Lindi niliwahi kukuta nyigu kajenga humo kwa udongo. Niliutoa kwa njiti laini ya mbao, taratibu, kama anayetoa funza.

Ukisharudisha mipira, pima uvujaji. Funga statiki ya akiba, ziba tundu la upande wa pili kama lipo, kwenye tundu lililobaki vuta hewa kwa sirinji kubwa polepole mpaka altimeta ipande futi 1,000, bana, subiri dakika 1. Ikishuka zaidi ya futi 100, panavuja. Kipima spidi, kwa kuwa nacho kinatumia mpira huohuo, kitaonyesha noti (maili za baharini kwa saa) 150 hivi huku ndege imefungwa kamba! Ni kawaida, ila chunga mshale usipite mwisho wa kipimo. Hewa irudishe polepole vilevile.

Mkiosha ndege, msizibe tundu kwa tepu isiyoonekana. Mwaka 1996 Boeing 757 ya Aeroperú, shirika la ndege la Peru, ilianguka baharini, watu 70 wakafa, kwa tepu iliyosahauliwa baada ya kuoshwa. Tumieni kizibo chenye utepe mwekundu unaoning'inia.

Kitabu cha ndege kisainiwe na fundi mwenye leseni, si wewe.