Maswali ya Wasomaji: Uwanja wa Nyuma Mwishoni mwa Kaskazi

SWALI: Ndugu Mhariri, nina uwanja mdogo nyuma ya nyumba yangu hapa Tanga, ambao kwa miaka mitatu nimeupanda kwa makusudi ili ndege, nyuki na vipepeo wapate pa kukaa. Sasa Februari inakwisha, kaskazi imekausha kila kitu, mrehani umebaki vijiti, majani ya mkungu yametanda chini, na mndimu wangu mchanga unaliwa na viwavi wanaofanana na kinyesi cha ndege. Mama mkwe ananihimiza nifagie, nifyeke na kuchoma kabla ya masika, kwani anasema uchafu huleta nyoka. Na jirani ananitaka nilimwage karai la maji niliyowawekea ndege, kwa kuwa litazaa mbu. Nimsikilize nani?
Msomaji, Chumbageni

JIBU: Dada yetu, mama mkwe na jirani hawakukosea katika hofu zao, walipokosea ni katika dawa.

Nianze na maji, kwa sababu ndege hawawezi kungoja masika. Tanga iliionja homa ya dengi mwaka 2019, na mbu anayeieneza, yule mwenye mistari meupe miguuni, hupenda kuzaa katika vyombo vya nyumbani kuliko katika madimbwi. Lakini kiluwiluwi huhitaji karibu wiki nzima majini kabla ya kuwa mbu. Ukimwaga maji kila asubuhi, au kila baada ya siku moja ukizidiwa na kazi, hapati muda huo. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kusugua: mayai ya mbu huyu hunata ubavuni mwa chombo juu kidogo ya maji, nayo huweza kukaa makavu kwa miezi yakingoja kuloweshwa tena, kwa hiyo kumwaga bila kusugua ni nusu ya kazi. Maji unayomwaga yapeleke kwenye shina la mpapai. Karai lenyewe lina kina kikubwa mno kwa ndege wadogo. Kigae kipana cha mtungi uliovunjika chafaa zaidi, ukiweka ndani yake mawe mawili matatu yanayochomoza juu ya maji ili nyuki wapate pa kutua bila kuzama. (Chozi, wale ndege wadogo wanaofyonza maua, huenda wasikijali hata kidogo. Nimewaona wakioga kwa kujisugua kwenye jani la mgomba lililoloa, huku chombo kilichoandaliwa kwa heshima zote kiko hatua tatu tu kutoka hapo.)

Kuhusu moto, nakuomba uukatae, kwa adabu anayostahili mama mkwe. Chini ya majani hayo ya mkungu wamo konokono waliojiziba ndani ya makombe yao, majongoo, na vyura waliojificha kuukwepa ukame. Hao ndio watakaotoka mvua ya kwanza ikinyesha, na majongoo ndio watakaoyageuza majani hayo kuwa udongo bila wewe kulipa kibarua. Moto huwaua, kisha huiacha ardhi uchi ipigwe na mvua kubwa za Aprili.

Nyoka, hata hivyo, si hadithi. Nyoka hafuati majani, bali hufuata panya na vyura, na lundo lililoegemea ukuta wa jikoni humpa maficho karibu mno na watu. Basi safisha hatua kadhaa kuzunguka nyumba yote, pamoja na njia ya kwenda bombani na chooni, halafu yasogeze majani mwisho wa uwanja, mengine yatandaze chini ya migomba na mipapai bila kugusa mashina. Tumia reki, si mikono, kwa sababu nge na tandu nao wamo humo. Ukimwambia mama mkwe kwamba utafagia anapopita yeye, nadhani mtaelewana.

Mrehani uliokauka usiung'oe wote mara moja. Mbegu zake ni chakula cha ndege wadogo, na zitakazodondoka zitaota zenyewe masika.

Viwavi wa mndimu ni watoto wa kipepeo mkubwa mwenye mabaka ya manjano juu ya weusi, ambaye bila shaka umemwona akirukaruka uwanjani. Wakikua huwa kijani, na ukiwagusa hutoa kama pembe mbili nyuma ya kichwa zenye harufu kali. Mndimu mkubwa huwavumilia bila taabu, ila mche waweza kubakizwa vijiti vitupu. Kwa hiyo wachukue kwa mkono uwahamishie kwenye mndimu au mchungwa uliokomaa, hata kama ni wa jirani aliyekubali. Dawa ya kupuliza nisingeitumia, kwani haimchagui kiwavi ikamwacha nyuki.

SWALI: Popo wanakula mapapai yangu usiku na kuyaacha nusu. Niwafukuze vipi?
Msomaji, Pongwe

JIBU: Chuma mapapai yanapoanza kugeuka manjano uyaivishe ndani, na yale ya juu kabisa waachie. Tunda lililotafunwa na popo lisiliwe na mtu, hata likikatwa upande uliobaki mzima, lifukie. Popo hao hao ndio huchavusha maua ya mbuyu, ambayo hufunguka usiku, kwa hiyo usiwawekee nyavu za kuwanasa.