Mama ana kolesteroli: tuache mafuta kabisa?

Dada, umeuliza kama mama yako wa Kondele, aliyeambiwa kolesteroli yake imepanda, sasa ale kila kitu cha kuchemsha bila hata tone la mafuta. Hapana, msimtese. Vitamini A, D, E na K huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo sukuma wiki isiyo na mafuta hata kidogo inampa pungufu ya kile ilichobeba. Kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti kinatosha sufuria nzima. Pimeni kwa kijiko kweli, maana gramu 1 ya mafuta ina kalori 9 na ya wanga 4 tu. (Mimi nilikuwa namimina moja kwa moja kutoka kwenye mtungi, hesabu ikanishtua.)

Cha kupunguza ni yale yanayoganda: mafuta meupe ya kopo, ngozi ya kuku, mafuta ya nyama. Hayo ndiyo hupandisha kolesteroli mbaya, ile inayoganda kwenye mishipa ya damu, na Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku.

Omena asiache! Ina omega-3, aina ya mafuta iliyo rafiki wa moyo. Ila si ile iliyozamishwa kwenye mafuta meusi ya tangu juzi. Ioshe kwa maji moto, ikaushe kwenye sufuria mpaka ianze kunukia, ndipo utie kitunguu, nyanya na kile kijiko chako. Nusu ya parachichi pembeni ya ugali, sawa kabisa.

Dawa alizoandikiwa aendelee nazo.