Jibu: Vipassana, peke yako au na kundi?

Dada, umeuliza kama uendelee kutafakari peke yako nyumbani au ujiunge na darasa la vipassana, aina ya kutafakari ya Kibudha. Jiunge. Mimi nilikaa peke yangu mwaka mzima, na kila goti lilipouma niliinuka. Kwenye kundi letu Westlands, Nairobi, katikati ya watu kimya, nilibaki na yale maumivu nikaona hayakai palepale: yanapanda, yanabadilika, yanatoweka. Hiyo ndiyo vipassana yenyewe, neno la Kipali, lugha ya kale ya maandiko ya Kibudha, lenye maana ya kuona kwa undani. Mahasi Sayadaw, mtawa wa Kibudha wa Burma (sasa Myanmar), alifundisha kutaja kimoyomoyo tumbo linapopumua, "kupanda, kushuka". Anza na hilo, dakika 20 alfajiri, kabla matatu hazijaanza honi. Kozi ya siku 10 za kimya isubiri kwanza. Na mwalimu akikuuliza, mweleze ulichokiona wewe, si ulichosoma.