Kupanda meli ya matanga ukitokea Uganda

Ndugu uliyeuliza kutoka Jinja jinsi ya kusafiri kwa meli ya matanga kama mwanagenzi: uzoefu hautakiwi, kinachokwamisha watu ni viza. Ukiwa na miaka 15 hadi 25, anza na Sail Training International, shirika la kimataifa la mafunzo ya ubaharia wa matanga kwa vijana. Mashindano yao ya meli za matanga, Tall Ships Races, hutaka angalau nusu ya mabaharia wa kila chombo wawe wa umri huo. Ukiwa umevuka umri huo, tafuta meli ya Europa ya Uholanzi (milingoti mitatu, iliundwa 1911) au Picton Castle ya Lunenburg, Kanada. Zote huchukua wanagenzi, ila unalipia nafasi yako. Wanaoahidi mshahara kwa asiye na vyeti, wakimbie. Utashika usukani, utalinda zamu usiku na kuvuta kamba. Kupanda mlingoti ni hiari.

Kwa meli za Ulaya, omba mapema viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya), inaruhusiwa hadi miezi 6 kabla, pamoja na bima ya matibabu ya safari ya euro 30,000. Omba ya kuingia zaidi ya mara moja. Meli ikitoka kwenda bandari ya Uingereza, kwa mfano, viza ya kuingia mara moja imekwisha, na Uingereza nayo ina viza yake. Tiketi ya ndege ya kurudi iwe ya kubadilishika tarehe, maana upepo haufuati ratiba.

Kama mfuko hauruhusu, nenda Lamu ujifunze jahazi: foromali (mti unaoshikilia tanga), tanga lenyewe, na demani (kamba ya kuongozea tanga). Na hata kabla ya hapo kuna klabu ya matanga pale Kaazi, karibu na Kampala, kwenye Ziwa Victoria letu.