Kabla hujamruhusu mwanao aingie kwenye utafiti wa ulaji

Dada, umeuliza kama umruhusu mwanao mwenye usonji, huyo asiyekula ila chapati kavu, aingie kwenye utafiti wa matatizo ya ulaji. Mimi niko Bombo, hapa Uganda, na binti yangu mwenye usonji tumepita naye njia hiyo. Uliza kwanza maswali yao yametungwa na nani.

Binti yangu alipokonda, hospitali moja walituambia tumnyime biskuti, njaa itamfunza. Hakula, wala hakulia. Mahali pengine wakamuuliza kama anaogopa kunenepa. Akasema hapana, fomu ikafungwa. Dodoso lao lilitaja jibini. Jibini Bombo tunaila lini?

Aliyenieleza ni yeye mwenyewe, tukimenya matoke. "Mama, biskuti zote ni sawa. Matoke ya jana yalikuwa magumu, ya leo yana maji. Sijui nitakutana na nini mdomoni." Mukene, dagaa wetu, ikikaangwa kwa jirani, hamu yote inamtoka. Na njaa haisikii mpaka mikono imtetemeke.

Hayo hayapatikani kwa kumhoji mama peke yake. Tangu 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unalitambua tatizo la kukwepa vyakula, ARFID, ambalo halitokani na kutaka wembamba. Hata anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula, kwa baadhi ya wenye usonji, chanzo chake kikubwa ni ladha, harufu na kushindwa kusikia njaa. Huko London, kwenye huduma za afya ya akili za Maudsley, wametengeneza mpango unaoitwa PEACE, wa wenye usonji walio na matatizo ya ulaji, wakishirikiana na wagonjwa wenyewe: wakaweka menyu ya vyakula visivyo na viungo vingi, wakatuliza hata rangi za wodi. Utafiti wa namna hiyo mimi naukubali.

Kwa hapa Uganda, waambie watafiti wakuonyeshe kibali cha kamati ya maadili na usajili wa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Wakikwambia karatasi zinakuja, ondoka. Mwanao naye aulizwe, hata kama hasemi: kuna picha, kuna kuandika. Na akikataa katikati, iwe basi, bila kubembelezwa na soda.

Ila kama uzito unashuka sasa hivi, usiwasubiri watafiti. Mpeleke apimwe uzito na damu wiki hii, na chapati zake ubebe.