Kreatinini 98 kwangu, 98 kwa mama, mbona majibu tofauti?

SWALI: Dokta shikamoo. Nina miaka 28, juzi nimempeleka mama (67) kliniki yake ya sukari nikaona na mimi nipime figo hapohapo. Kreatinini yangu 98, ya mama nayo 98. Mimi nikaambiwa niko poa, mama kaambiwa figo zimeanza kushuka, arudie baada ya miezi mitatu. Si wamechanganya sampo hawa? Na karatasi ya mama inaonyesha 98 iko ndani ya kiwango!
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Maabara usiwalaumu bure. Kreatinini ni taka inayotokana na misuli, kazi ya figo ni kuitoa kwenye mkojo. Wewe kijana una misuli ya kutosha so unazalisha nyingi, 98 kwako kawaida tu. Mama kwa umri wake misuli imepungua, anazalisha kidogo, sasa na yeye akifika 98 ujue haitoki inavyotakiwa, inabaki kwenye damu. Na hicho kiwango cha kwenye karatasi kisikudanganye, figo zinaweza kupoteza karibu nusu ya kazi yake na kreatinini bado haijakivuka.

Angalia namba iliyoandikwa eGFR, yaani makadirio ya figo zinavyochuja, hiyo inapigwa hesabu kwa kreatinini, umri na jinsia. Nimepiga yenu: wewe kama 93, mama kama 54. Chini ya 60 ndo tunaanza kuuliza maswali, ila kipimo kimoja hakitoshi, lazima ibaki hivyo miezi mitatu au zaidi, maana hata kuharisha na kuishiwa maji au sahani kubwa ya nyama kabla ya kupima inaweza kuipandisha kreatinini. (Hiyo 98 yenu ni mikromoli kwa lita; maabara nyingine zinaandika kwa miligramu kwa desilita, hapo 98 inasomeka 1.1, msishtuke mkadhani kapona.)

Kitu ambacho hujakitaja, na mimi ndo kinanisumbua zaidi, ni mkojo. Mtu wa sukari anatakiwa apimwe albumini (protini ya damu) kwenye mkojo angalau mara moja kwa mwaka, tena mara nyingi inaanza kuvuja mapema kabla kreatinini haijasema kitu. Ulizia kipimo cha albumini kwa kreatinini, mkojo wa asubuhi ndo mzuri, ikiwa chini ya miligramu 30 kwa gramu iko sawa. Ultrasaundi ikisema figo "zinaonekana kawaida" haimaanishi zinachuja kawaida.

Kwa sasa mama aachane na diklofenaki za dukani (dawa ya maumivu, inaweza kuumiza figo), dawa zake za sukari na presha asiziguse mpaka aongee na daktari wake, na mkirudi bebeni karatasi zote za zamani, hata za miaka mitatu nyuma.