Jibu: Kilele cha 1742 ni asidi au esta?

Mkuu, unauliza kama kilele kikali cha 1742 cm⁻¹ kwenye spektra ya infraredi ya sampuli yako (grafu ya mwanga unaofyonzwa na vifungo vya molekuli; cm⁻¹ ndiyo kipimo chake), pamoja na mwinuko mpana karibu na 3400, ni dalili ya asidi ya kaboksili. Mimi naona esta, yaani kiwanja kinachotokana na asidi na alkoholi. Asidi ingeshusha kilele cha C=O yake (kifungo maradufu cha kaboni na oksijeni) hadi karibu 1710, na O–H yake haijifichi: hutanda kuanzia 3300 hadi 2500, ikizimeza C–H za 2900. Kwako C–H zimesimama wazi.

Angalia chini, 1240 na 1050. Hizo ni C–O, vifungo vya kawaida vya kaboni na oksijeni. Kwa kuwa ulianza na ethanoli na asidi asetiki, basi umepata ethili asetati.

Huo mwinuko wa 3400 ndio mtego. Uliikausha sampuli? Esta hii hubeba maji kidogo ukishaiosha, na O–H ya maji huonyesha mwinuko huo, pamoja na kilele hafifu karibu 1640. Mimi mwaka wa pili niliandika "alkoholi" kwa kujiamini, nikarudishiwa karatasi ina duara jekundu. Weka magnesiamu salfeti kavu, chuja, pima tena. Ukibaki mwinuko lakini 1640 haipo, shuku ethanoli iliyosalia: ioshe kwa mmumunyo wa kalsiamu kloridi, ikaushe, ndipo urudie kunereka, kwani kunereka peke yake hakuitenganishi vizuri na esta hii.